Mwalimu Aliyeongea na Ukuta

Niliporudi nyumbani walinitengea kiti. Si kiti cha kawaida, rafiki yangu. Kilikuwa na mikono, kimefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua, na kimewekwa mbele kabisa ya kanisa, ubavuni mwa mimbari, kikiwatazama watu wote. Mzee wa kanisa wa siku hizi, ambaye alizaliwa mimi nikiwa nimeshaondoka, aliniinamia akaninong'oneza, "Mama, keti hapa. Mtu mwenye diploma hawezi kubanana na watu kwenye benchi."

Nilikaa. Heshima ile niliitolea jasho, na mimi si mtu wa kujifanya sikuiona. Mimi ndiye binti wa kwanza wa kijiji chetu kwenda ng'ambo kusomea uuguzi na kurudi na karatasi yenye muhuri mwekundu. Nilianza kwa kufua bandeji kule hospitali ya Bumbuli. Nikaenda kuchuma chai Bulwa, mvua ikininyeshea mgongoni, ili nipate ada ya kurudi darasani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mzungu aliyeniokota njiani. Diploma yangu imetundikwa sebuleni juu ya redio, na anayetaka kuisoma abishe hodi, chai ipo.

Lakini siku ile mhubiri alisimama akaanza kumsifu mwinjilisti wetu wa kwanza, yule aliyelijenga kanisa la udongo zamani za Mwingereza. Akasema alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, aliyekubali kila alichoambiwa, na kwamba vijana waige upole huo. Watu wakaitikia amina. Mimi nikachemka palepale kitini. Kwa sababu kupitia mlango ulio wazi nilikuwa naliona jiwe lake. Kanisa ni jipya, lina mabati na madirisha ya vioo, lakini jiwe la kukanyagia mlangoni ni lilelile la zamani, pana, jeusi, limelika katikati. Na mtu niliyemwona mimi akikaa juu ya jiwe lile hakuwa mtu wa kukubali kila alichoambiwa. Aliinamisha mgongo, ndiyo. Kichwa hakukiinamisha hata siku moja.

Ngoja nikusimulie, halafu uamue mwenyewe.

Sisi tulimwita Mwalimu tu, kwa kuwa ndiye aliyetufundisha kusoma siku za kazi na kutuhubiria Jumapili. Alikuwa Mshambaa kama sisi, mrefu, mwenye koti jeusi alilopewa na kanisa, koti ambalo kwapani lilikuwa limegeuka rangi ya majani makavu. Enzi zile nyumba zetu zilikuwa za udongo, mbuzi walilala ndani pamoja nasi, na kiangazi kikishika vumbi la sakafuni lilijaa funza. Wewe uliyekulia kwenye saruji humjui funza. Ni mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, anaingia chini ya ukucha, anajenga mfuko wa mayai, na mguu unawasha mpaka unatamani kuukata. Ukimwacha unatembea kwa visigino. Ukiwaacha wengi hutembei tena.

Basi kila Jumamosi, baada ya kufagia kanisa, Mwalimu alikaa kwenye lile jiwe na bakuli la maji ya moto yenye chumvi, kibuyu cha mafuta ya nyonyo, mafuta ya taa kidogo kwenye kikopo, na sindano aliyoichoma kwenye kaa la moto. Aliyekuja alikaa juu, kwenye benchi. Yeye alikaa chini, mguu wa mtu ukiwa mapajani mwake juu ya lile koti. Walikuja Wakristo, walikuja Waislamu wa bondeni, walikuja walevi wa dengelua wakinuka miwa iliyochacha. Alimwosha kila mmoja, akamchokoa polepole, akamtoa funza mzima na mfuko wake, akamtupa motoni. Funza akipasuka mle kwenye kaa tulishangilia.

Mzee wa kanisa wa wakati ule, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, hakupenda. Nakumbuka alisimama mbele yake, mikono nyuma, akauliza, "Mwalimu, mkono huo unaoshika funza leo, ndio utakaoshika Biblia kesho?"

Mwalimu hakuinua hata macho. "Ndio huohuo, Mzee. Ninayo miwili tu, na yote huwa nainawa. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Huyo ndiye mpole wao.

Sasa katika kijiji kizima palikuwa na mguu mmoja ambao Mwalimu hakuweza kuugusa, nao ulikuwa wa bibi yangu, mzaa baba. Mwalimu alikuwa amemwoa shangazi yangu. Shangazi alifariki kwa uzazi kabla sijapata akili, lakini kwetu ukwe haufi pamoja na mke. Mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Usifikiri ni chuki. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na Bibi aliishika kuliko mtu yeyote. Kanisani hakuwahi kuingia, msikitini vilevile. Alikuwa na shamba lake la maharage, kopo lake la ugoro, na mimi, niliyelala naye na kumchotea maji.

Mimi ndiye niliyejua. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia, hakuona tena kujitoa funza, na kumwita jirani amtoe hakutaka. Mwanamke aliyewahi kusifiwa kwa usafi ataanzaje kuonyesha miguu kama ile? Akawa anaburuta kaniki chini ili isionekane. Alipika bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mboga ya kunde akiwa amekaa. Alipalilia akiwa amekaa. Mwisho akawa anatambaa kutoka kitandani hadi mafigani, na mtu akipiga hodi anaketi haraka na kujitia anapepeta maharage. Usiku vidonda vilinuka. Akanikamata mkono akasema, "Ukimwambia mtu, si mjukuu wangu."

Nilijaribu mwenyewe kwa mwiba wa mlimau. Funza akapasukia ndani, mguu ukavimba hadi kifundoni. Nilikuwa mtoto, lakini niliona wazi kwamba Bibi asipopata mkono unaojua kazi, hatatembea tena, na pengine tutamzika kwa sababu ya mdudu asiyeonekana.

Mimi sikuzaliwa kukaa kimya. Nilimfuata Mwalimu mtoni alikokuwa anachota maji, mtungi kichwani kama mwanamke, wanaume wengine wakimcheka kutoka ng'ambo ya mto. Nilimwambia yote.

Akautua mtungi. "Siwezi kuingia nyumba ile," akasema. "Nikiingia, nimemvua nguo mama yangu. Afadhali funza."

"Basi afe?"

"Sikusema hivyo. Nyumba yenu upande wa nyuma ina ufa karibu na mafiga, au mliuziba?"

Haukuwa umezibwa.

Jumamosi hiyo jioni, alipomaliza watu wake, alipita nyuma ya nyumba, huko ambako palikuwa na migomba tu na mteremko. Akatandika ngozi ya mbuzi, akakaa chini, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wetu, uso umetazama bonde. Ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo, Bibi alikuwa amekaa na miguu kwenye beseni, amenuna kwa kuwa nilisema, ila amekubali mradi mkwe hatamwona. Katikati mimi na sindano.

"Mwambie mama shikamoo," sauti ikasema kupitia ufa.

Bibi alisikia vizuri kabisa, lakini ilibidi nimwambie. Akavuta ugoro. "Mwambie marahaba. Na umwambie mimi si mbuzi, nisichunwe."

"Mwambie mama nimesikia. Binti, choma sindano. Imekuwa nyekundu? Iache ipoe. Sasa tafuta palipo na doa jeusi katikati ya weupe. Usichome pale. Zunguka pembeni, kama unayemenya ganda la muwa."

"Mwambie asiniite muwa."

"Mwambie mama naomba radhi."

Ndivyo tulivyofanya. Jumamosi baada ya Jumamosi, Mwalimu akiwa macho yangu bila kuona, akisikia pumzi ya Bibi ikikatika na kuniambia "pumzika", akisikia kimya changu na kuniambia "usiogope damu, ogopa haraka". Harufu ya mafuta ya nyonyo na moshi wa kuni mbichi naisikia hadi leo. Ng'ambo nilifundishwa na madaktari wenye miwani ya dhahabu, na nilikuwa miongoni mwa waliofaulu vizuri, sikufichi. Lakini mkono huu, hasa huu, ulifundishwa kupitia ufa wa ukuta wa udongo.

Vidonda vikaanza kukauka. Bibi akasimama. Akatembea hadi mlangoni akishika nguzo. Lakini wapita njia nao wana macho. Kutoka njia ya juu watu walikuwa wanamwona Mwalimu amekaa nyuma ya nyumba ya mama mkwe ambaye hajabatizwa, jioni, peke yake, juu ya ngozi ya mbuzi, anaongea na ukuta. Anauomba ukuta radhi. Anausalimia ukuta shikamoo. Wewe ungedhani nini? Kwetu palikuwa na jibu moja tu: Mwalimu anatambika. Mizimu ya ukweni imemdai, naye anailipa kwa siri huku Jumapili anatuambia tuiache.

Hakuna kosa lililokuwa kubwa kuliko hilo kwa mwinjilisti.

Wakamsimamisha mbele ya kanisa Jumapili, mwenye duka akiwa mwendeshaji wa kesi. Mimi nilikaa benchi la watoto, mbele.

"Mwalimu, waeleze watu hawa. Nyuma ya nyumba ile ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mtu."

"Mtu! Walioona wanasema ni ukuta." Watu wakacheka. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Hiyo sitasema."

"Basi sisi tutasema. Ulikuwa unatambika."

"Sitambiki, na mnajua sitambiki. Mtu asiyeniamini asiniamini. Lakini jambo la nyumba ile si langu, na midomoni mwangu halitatoka."

Ulikuwa wakati wake wa kujiokoa kwa neno moja. Angesema tu: nilikuwa nawatoa funza miguuni mwa mama mkwe. Kesi ingekwisha, na kufikia jioni kijiji kizima kingekuwa kinamcheka Bibi. Alilijua hilo. Mwenye duka akapandisha sauti, "Kama husemi, vua koti la kanisa."

Mwalimu akafungua vifungo, kimoja kimoja, bila haraka. Akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka mezani. "Koti ni lenu. Chukueni. Kusema, sisemi."

Akabaki na shati lenye viraka, amesimama wima kama mvule. Niambie, huo ndio upole wa kukubali kila jambo?

Sikungoja wimbo. Nilitoka kwa dirisha nikakimbia hadi nyumbani. Bibi alikuwa uani anamenya maharage. Nilimweleza nikihema, nikitegemea anichape kwa kuleta habari za miguu yake tena. Hakunichapa. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akafunga kaniki vizuri kiunoni, akaanza kupanda kilima. Alitembea polepole, akikanyaga kwa ubavu wa mguu, na hakutaka nimshike.

Alisimama nje ya mlango wa kanisa, kabla ya jiwe. "Mjukuu wangu, mwambie huyo ageuke."

Sikuhitaji kumwambia. Mwalimu alikuwa ameshaisikia sauti. Akageukia ukuta wa nyuma ya mimbari, akabaki hivyo, mgongo kwa watu wote. Ndipo Bibi alipopanda juu ya jiwe, mbele ya kanisa zima, akaiinua kaniki hadi juu ya vifundo.

"Mlikuwa mnatafuta mizimu," akasema. "Mizimu yenyewe hii hapa. Njoo, wewe mwenye duka, sogea uhesabu matundu. Mkwe wangu amenitoa funza bila kuuona hata ukucha wangu mmoja. Ninyi mnaonisalimia kila siku, nani kati yenu aliwahi kuuliza kwa nini sisimami?"

Hakucheka mtu. Nilimwona mwanamke mmoja anaficha miguu yake chini ya benchi. Bibi akaishusha kaniki, akashuka jiwe, akarudi kwenye maharage yake. Na Mwalimu hakugeuka mpaka nilipomwambia, "Ameshapita ukingo wa kilima."

Koti walimrudishia. Lakini watu walioaibika hawapendi kumwona aliyewaaibisha, na haukupita muda mrefu akapangiwa kituo kingine, huko chini tambarare kwenye mashamba ya mkonge, kwenye joto na mbu. Walisema ni kwa heshima. Mwalimu alisema, "Hata huko kuna miguu."

Siku ya kuondoka wengi waliona haya kumsindikiza. Alishika njia ya kuteremkia Mombo, sanduku lake kichwani. Na njia ya juu, ile ya wachunga mbuzi, inayokwenda sambamba na barabara kwenye mashamba ya migomba, alikuwa anatembea Bibi. Mkwe hamsindikizi mkwe. Basi yeye hakuwa anamsindikiza. Alikuwa anatembea tu, upande ule, kwa mwendo uleule. Mimi nilikimbia kati yao nikipanda na kushuka mteremko, nikipeleka maneno.

"Mwambie mama arudi. Njia ina vumbi, atapata wengine."

Nikapanda. Bibi akatema mate pembeni. "Mwambie miguu ni yangu. Nitaisimamisha ninapotaka."

Nikashuka. Mwalimu akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa neno la Bibi, na sanduku likatikisika kichwani.

Tukafika penye kona ambapo ukungu huisha na tambarare inaonekana chini kabisa, mistari ya mkonge imenyooka kama nywele zilizosukwa. Njia ya juu inaishia hapo. Mwalimu akatua sanduku. Akapiga goti barabarani, uso umeelekea tambarare, mgongo kwa Bibi. Na badala ya kuniita, alipaza sauti mwenyewe.

"Shikamoo, mama!"

Nilimtazama Bibi juu kule, amesimama kwa miguu yake miwili, kaniki ikipeperuka, bila kushika mti.

"Marahaba, mwanangu!"

Mimi nilikuwa katikati ya mteremko, nimesimama. Sikuwa na ujumbe wa kupeleka kwa mtu yeyote.

Hatukumwona tena. Nilipokuwa msichana tulisikia amezikwa huko huko tambarare. Bibi alitembea miaka mingi baada ya hapo, hadi sokoni Soni na kurudi, na alikufa kwa uzee, miguu ikiwa safi. Mimi ndiye niliyeiosha.

Leo nyumba zetu ni za tofali za kuchoma, na ukuta wa tofali haupitishi neno. Mbuzi wana banda lao. Wakwe wanakaa kwenye kochi moja, wanakula sahani moja, wanapigana picha, na sisemi ni vibaya. Ila sijui nani siku hizi angekubali kuvuliwa koti hadharani ili kuficha miguu ya mwanamke mzee. Na kama yupo, asiitwe mpole mbele yangu.

Mahubiri yalipokwisha niliinuka kwenye kile kiti chenye maua. Na Jumamosi iliyofuata nilikwenda na beseni, chumvi, pamba na mkasi wangu wa kazi, nikakaa kwenye jiwe. Funza ni wachache sasa, lakini wazee wana vidonda vya kisukari visivyofungwa vizuri, na wengi wanaviburuta chini ya khanga zao kama Bibi. Siku ya kwanza alikuja mmoja. Sasa wanapanga foleni.

Yule mzee wa kanisa kijana alikuja akasimama mbele yangu, ameshika mikono nyuma. Akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Mama, unajua watu wanavyokuona? Mtu wa diploma, umekaa chini, mguu wa mtu mapajani?"

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekaa mlangoni. Sogea kidogo, baba, unanizibia mwanga."